Idadi Imerudi, Ujuzi Bado

(Hotuba hii ilisomwa na mwenzetu, mwanafunzi wa zamani wa shule hii na mtumishi wa Serikali katika kazi za mipango, kwenye mkutano wa mwaka wa Chama chetu mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi. Tunaichapa kama alivyoisoma. Mhariri.)



Kwanza kabisa naishukuru Kamati kwa heshima hii. Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya mtumishi wa umma na maendeleo ya nchi. Nilimwomba radhi Katibu nibadilishe, naye kwa wema wake alikubali. Mambo ya mipango mnayasikia redioni kila siku. Leo nataka kusema juu ya jambo lililofika nyumbani kwetu, jambo nililolikosea mimi mwenyewe, na kosa hilo likamgharimu mdogo wangu nuru ya jicho moja.

Mdogo wangu huyo naye alisoma hapa, akamaliza miaka sita baada yangu, na leo ni mwalimu. Ameniruhusu nisimulie habari zake, ila jina lake nisilitaje. Wale mnaomjua, naomba mnyamaze kama ninavyonyamaza mimi.

Jambo lenyewe ni hili: mtu akipandikizwa chembe mpya za uboho, askari wa mwili wake hurudi vipi, hurudi kwa utaratibu gani, na huchukua muda gani? Mimi si daktari. Shahada yangu ni ya takwimu, na mkate wangu naupata kwa kuhesabu madarasa, visima na zahanati. Lakini nimekaa sana kwenye mabenchi ya hospitali, nikauliza na nikasoma. Karatasi hii nilimpelekea daktari mmoja kabla ya kuja hapa, akanirudishia imejaa wino mwekundu, nikamkumbuka mwalimu wetu wa Baiolojia.

KIWANDA KILICHO NDANI YA MIFUPA

Uboho, ambao siku hizi hospitalini wanauita uloto, ni kile kitu laini kilicho ndani ya mfupa. Anayependa supu ya mifupa anaujua, kwani ndio anaoufyonza mwisho akidhani hakuna anayemtazama. Humo zimo chembe chache sana ziitwazo chembe shina. Hizo ndizo mama wa damu yote. Kutoka kwao huzaliwa chembe nyekundu zinazobeba hewa, ambazo huishi yapata siku 120. Chembe sahani zinazozuia damu isivuje, ambazo huishi kama siku 10. Na chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Baadhi ya askari hao hawamalizi hata siku moja au mbili katika damu. Kwa hiyo kiwanda hiki hakina sikukuu wala Jumapili. Kikisimama wiki moja tu, mwili mzima unajua.

Mdogo wangu alipata saratani ya damu. Maana yake ni kwamba kiwanda kilianza kutoa askari wabovu, wengi mno, wasiojua kazi, wakawajazia nafasi wale wazuri. Dawa zilipunguza ubovu huo lakini hazikuumaliza. Ndipo madaktari wakasema hapana budi kiwanda chote kifutwe kwa dawa kali, kisha iletwe mbegu mpya kutoka kwa mtu mwingine.

Tiba hii si ya jana. E. Donnall Thomas wa Marekani alianza kuijaribu kwa binadamu katika miaka ya 1950, na kwa muda mrefu wagonjwa wengi walikufa. Hakukata tamaa, na mwaka 1990 akatunukiwa Nishani ya Nobel. Hapa nchini Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2021, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikaanza kuwatibu hivyo watoto wenye selimundu. Sisi tulipelekwa India, katika hospitali moja ya kusini.

Ili uboho wa mtu mmoja ukubaliane na mwili wa mwingine, zipo alama juu ya chembe zetu ziitwazo HLA ambazo sharti zilingane. Kila mtoto hupewa nusu ya alama hizo na baba na nusu na mama, kwa hiyo uwezekano wa ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja kulingana kabisa ni mmoja katika kila nne. Kwetu tumezaliwa watano. Tulipimwa wanne, nikalingana mimi peke yangu.

Wengi huniuliza kama nilipasuliwa. Sikupasuliwa. Siku hizi mtoaji mara nyingi hudungwa sindano kwa siku nne au tano ili chembe shina zitoke mifupani na kuingia kwenye damu. Siku hizo mifupa huuma kama umebeba magunia bandarini. Kisha unalala kitandani, damu inatoka mkono mmoja, inapita kwenye mashine inayochuja chembe shina, na inarudi mkono wa pili. Saa kadhaa baadaye unaamka na kuomba chai.

SIKU YA SIFURI

Siku anapopewa mgonjwa chembe hizo huitwa siku ya sifuri, na kalenda yake yote tangu hapo huhesabiwa upya. Nilitazamia jambo kubwa. Mfuko mdogo ulining'inizwa kama damu ya kawaida, nao ukaisha kabla sijamaliza gazeti. Chembe zile huingia mshipani, zikazunguka mwilini, na kwa kufuata dalili za kikemikali zinazotoka kwenye mifupa zikajua pa kutua, kama njiwa anavyolijua tundu lake. Zikifika zinaanza kazi. Mdogo wangu alikuwa damu kundi A, mimi ni kundi O. Baada ya miezi kadhaa naye akawa kundi O, na kila akiulizwa hospitalini hujibu, “Kwanza nilikuwa A.”

Wiki za mwanzo ni za hatari tupu. Kiwanda cha zamani kimebomolewa, kipya hakijawasha moto. Mdomo ulimjaa vidonda, homa ikapanda, na hakuna chembe nyeupe za kupigana. Bakteria wa kinywani na tumboni ambao siku zote ni majirani wema hugeuka maadui, na ukungu unaoelea hewani huweza kuota mapafuni. Ndiyo sababu chumba chake kilikuwa na hewa iliyochujwa, chakula kilipikwa mpaka kikaiva sawasawa, na mimi nilimwona kwa kuvaa barakoa.

Wanaotangulia kurudi ni askari wa zamu waitwao nyutrofili. Hawa hawana elimu kubwa. Wanamkuta bakteria, wanammeza, basi. Madaktari huwahesabu kila asubuhi, na wakifika 500 katika sehemu moja ya milioni ya lita ya damu, siku tatu mfululizo, husema mbegu imeshika. Zikitumika chembe zilizochujwa kwenye damu kama zangu, huchukua kama wiki mbili. Zikitoka moja kwa moja kwenye uboho huwa kama tatu, na zikitoka kwenye damu ya kitovu cha mtoto mchanga huweza kufika nne. Kwetu ilikuwa siku ya 16. Muuguzi aliandika idadi kwenye ubao wa chumba, nasi tukapiga makofi.

Baada yao, katika mwezi wa kwanza, hufuata kundi liitwalo chembe wauaji wa asili. Hizi nazo huzaliwa na silaha mkononi, hazingoji kufundishwa. Ukiishia hapo katika kusoma, utadhani vita imekwisha. Mimi niliishia hapo.

SHULE ILIYO NYUMA YA MFUPA WA KIFUA

Wadogo zangu, sasa naomba mnisikilize, kwani hapa pana habari ya shule.

Wako askari wengine ambao ndio wenye kumbukumbu. Wamegawanyika makundi mawili makubwa. Chembe B hutengeneza kingamwili, yaani zile silaha zinazoelea kwenye damu na kumnasa adui fulani tu. Chembe T wao wako wa namna mbili: wanaoua chembe zilizoingiliwa na virusi, waitwao CD8, na wanaoamuru na kuongoza wengine, waitwao CD4. Jina la CD4 halina mtu hapa asiyelijua. Tumelisikia miaka mingi kwa sababu ndio hao ambao virusi vya UKIMWI huwashambulia.

Chembe T hawezi kutoka kiwandani akaenda kazini moja kwa moja. Lazima apite shule. Shule hiyo ni tezi iitwayo thaimasi, iliyoko nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo, na herufi T imetoka kwenye jina hilo. Zamani tezi hii ilidharauliwa. Ni mwaka 1961 tu ambapo Jacques Miller, akifanya utafiti kwa panya huko London, alionyesha kwamba mtoto wa panya akiondolewa tezi hiyo mara anapozaliwa, hukua bila kinga ya kutosha.

Mitihani ya shule hiyo ni mikali. Wa kwanza unauliza: je, unaweza kuzisoma alama za mwili huu? Asiyeweza anakufa. Wa pili unauliza: je, unaushambulia mwili wenyewe? Mwenye kuushambulia naye anakufa. Katika kila mia wanaoingia, wanaofaulu hawafiki kumi. Ndugu Mkuu wa Shule, naona unatabasamu.

Basi, ubaya wa shule hii ni kwamba inaanza kufungwa mapema. Kwa mtoto ni kubwa. Baada ya kubalehe inasinyaa, na mwaka hata mwaka nafasi yake inachukuliwa na mafuta. Kwa hiyo mtoto wa miaka 8 akipandikizwa, anayo shule kubwa ya kuwafundisha askari wapya. Mtu wa karibu miaka 40 kama mdogo wangu anayo shule ya darasa moja na paa linalovuja. Dawa kali na mionzi ya matibabu huiharibu zaidi. Inaweza kufunguka tena, lakini polepole. Askari wapya waliohitimu huanza kuonekana kwa idadi ya maana baada ya miezi 6 hadi 12, na kwa watu wazima huweza kupita hapo.

Mtaniuliza, je, kabla ya hapo mgonjwa hana chembe T kabisa? Anazo. Katika mfuko ule niliotoa mlikuwamo chembe T wangu waliokwisha kuhitimu katika kifua changu tangu nikiwa mtoto. Hao huzaana haraka wakikuta nafasi tupu. Lakini ni nakala za watu wachache. Ni kama kijiji kilichopotewa na watu wote, kikajazwa na uzao wa koo mbili tatu: utaona watu wengi, lakini ukitafuta fundi wa cherehani, mganga wa mifugo na mjenzi, humpati hata mmoja. Wale wa CD8 huongezeka mapema, katika miezi michache. Wale wa CD4, viongozi, huchelewa. Ni jambo la kawaida katika miezi mitatu ya kwanza kukuta hawajafika 200, kiasi ambacho sote tumefundishwa kukiogopa.

Tena askari wangu hao wana hatari yao. Wanaweza kumwona mwenyeji wao kuwa ndiye adui, wakamshambulia ngozi, tumbo na ini. Ugonjwa huo ndio unaoogopwa kuliko yote katika tiba hii. Unapotokea huiumiza hata ile tezi ya thaimasi, na dawa za kuwatuliza askari hao huzidi kuichelewesha kinga. Lakini askari haohao, kwa kuwa ni wageni, huweza kuitambua mabaki ya saratani iliyojificha na kuimaliza. Daktari hushika mizani mkononi: akiwatuliza mno, saratani inarudi, na akiwaachia mno, wanamla mwenyeji.

Ama chembe B, huanza kuonekana tena baada ya mwezi mmoja au miwili, na kwa mwaka mmoja idadi yao huwa nzuri. Lakini kutengeneza kingamwili zilizokomaa huhitaji maelekezo ya CD4, na viongozi hao hawajafika. Kwa hiyo kuzikamilisha huchukua mwaka hadi miaka miwili, na kwa wengine zaidi.

KOSA LANGU

Tulirudi nyumbani mwezi wa nne. Tulipewa ripoti ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: chembe nyeupe 5,400. Hicho ni kiasi cha mtu mzima mwenye afya. Mimi, mtu wa takwimu, nikaiona tarakimu hiyo nikafurahi, nikampigia simu mama yetu nikamwambia, “Mama, damu yake imerudi yote.” Ukurasa wa pili ulieleza askari hao ni wa namna gani. Sikuusoma.

Mwezi wa tano akarudi kufundisha, kwa nusu siku. Mwezi wa sita vidonge vyake vya asikilova vikaisha. Hivi ni vidonge vya kuzuia virusi, na tuliambiwa avinywe kwa mwaka mzima. Shemeji yangu akanipigia simu: “Shemeji, vidonge vya mwalimu vimekwisha, na hapa wilayani havipatikani.” Nikamjibu, nami nayakumbuka maneno yangu kama yalivyo: “Usihangaike, shemeji. Damu imekwisha kurudi. Tutanunua mwisho wa mwezi.”

Mwisho wa mwezi ulipofika alikuwa na maumivu makali ya paji la uso upande wa kushoto. Siku ya pili yakatoka malengelenge, yakashuka mpaka kwenye jicho. Ulikuwa mkanda wa jeshi.

Mkanda wa jeshi unaletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni akapona, kirusi hakitoki. Kinalala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu miaka na miaka, na chembe T wenye kumbukumbu ndio wanaokilinda kisiamke. Sasa mdogo wangu alikuwa bado na kirusi chake cha utotoni, lakini walinzi wake walifutwa pamoja na kiwanda cha zamani. Walinzi wangu waliohamia kwake walikuwa wachache. Vile vidonge ndivyo vilivyokuwa vikishika zamu, nami nikawapa ruhusa.

Malengelenge yalisambaa mwili mzima, yakafika mapafuni. Alilazwa wiki tatu akitiwa dawa kwenye mshipa. Daktari aliyemtibu alikuwa binti mdogo kwa umri, lakini alinifundisha adabu. Alichukua ile ripoti, akafunua ukurasa wa pili, akaniwekea kidole: CD4, 140. Akasema, “Kaka, wewe ulihesabu madawati. Hukuuliza nani ameketi.”

Ndugu zangu, maneno hayo yamenikaa. Serikalini tumewahi kujenga zahanati tukasahau muuguzi. Nilikuwa nikiwakemea wengine kwa kosa hilo, kumbe nimelifanya kwa damu ya ndugu yangu. Alipona. Lakini jicho la kushoto linaona ukungu mpaka leo, na anaposahihisha madaftari hugeuza kichwa kama kuku anayetazama punje.

Liko na jambo la pili, na hili linawahusu watu wote. Mtaani kwetu mkanda wa jeshi una tafsiri moja. Mara minong'ono ikaanza kwamba safari ya India ilikuwa kificho tu, mwalimu anao ule ugonjwa. Wenzake wawili waliokuwa wakija kila Jumamosi wakaacha kuja. Ukweli ni kwamba walinzi wale wale wanaoangamizwa na virusi vya UKIMWI ndio waliokuwa bado hawajazaliwa kwake. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu nyingine. Na hata ingekuwa ndiyo sababu ile wanayoinong'ona, je, ndiyo ya kumkimbia mtu? Nalisema hili kwa uchungu, kwani mmoja wa wale wawili alisoma shule hii.

KUCHANJWA UPYA

Jambo lingine lililonishangaza ni kuwa mtu huyu hupoteza pia kinga ya chanjo zake za utotoni. Kingamwili za zamani hupungua kidogo kidogo mpaka zikaisha, wala waliozitengeneza hawapo tena. Kwa hiyo huchanjwa upya kama mtoto mchanga, ila daktari wake ndiye anayepanga ratiba.

Chanjo dhidi ya vimelea vinavyoleta nimonia huweza kuanza kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Za pepopunda, dondakoo, kifaduro, homa ya ini aina ya B na ile ya polio ya sindano hufuata kati ya mwezi wa sita na mwaka. Lakini chanjo zenye kimelea hai, kama ya surua, hapewi mpaka itimie miaka miwili walau, tena awe hanywi dawa za kutuliza kinga wala hana ule ugonjwa wa pandikizi. Ile ya kifua kikuu tunayochanjwa tukizaliwa hapewi. Askari ambao hawajafuzu wanaweza kushindwa hata na kimelea kilichodhoofishwa.

Mdogo wangu alipelekwa kuchanjwa kwenye kliniki ya watoto, kwa kuwa ndiko chanjo ziliko. Akapanga foleni na ndevu zake baina ya akina mama. Mama mmoja akamwuliza, “Mwalimu, mtoto umemwacha wapi?” Akajibu, “Mtoto ni mimi, nina miezi tisa.” Mwaka huu anatimiza miaka minne, na amekwisha kupata ya surua.

TUFANYE NINI?

Ndugu Mwenyekiti, sikuja hapa kuwahuzunisha watu kabla ya chakula. Tiba hii inakuja karibu nasi. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi ambako huzaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na kila mwaka watakuwapo wanaorudi kutoka Dodoma, Dar es Salaam na ng'ambo. Watarudi mitaani kwetu, maofisini kwetu, na katika mabweni haya. Kwa hiyo nina maombi matano.

La kwanza, anayemuuguza mtu kama huyu asome ukurasa wa pili. Aulize chembe nyeupe ni ngapi, kisha aulize ni za namna gani.

La pili, dawa isikatwe kwa sababu mgonjwa amenenepa. Ikiisha, huo ni msiba wa siku hiyo hiyo. Wana ukoo wachange, kama tunavyochanga harusi.

La tatu, tubadili namna ya kumjulia hali. Desturi yetu ya kujaa sebuleni watu ishirini ni nzuri, lakini kwa mwaka wa kwanza humwumiza. Mwenye mafua apige simu. Anayeingia anawe mikono kwa sabuni. Asilaumiwe akikosekana msibani. Naye alale ndani ya chandarua kila usiku, kwani malaria na kifua kikuu havingoji mtu amalize masomo.

La nne, walio karibu naye wawe ukuta wake. Yeye hawezi kuchanjwa surua kwa miaka miwili, lakini watoto wa nyumbani mwake na wanafunzi wake wanaweza. Akizungukwa na waliochanjwa, surua haimfikii kwa urahisi.

La tano ni la kwenu, wadogo zangu, mtakapotimiza umri wa kutoa damu, na letu sisi wakubwa tangu leo. Kabla kiwanda kipya hakijawaka, mdogo wangu aliishi kwa damu na chembe sahani za watu asiowajua, mifuko 19. Hawakuwa na alama za kulingana naye, wala hawakudungwa sindano za siku tano. Walikaa kitini robo saa wakatoa. Nimemwomba Katibu azungumze na watu wa Damu Salama ili mkutano wetu wa mwakani uwe na meza ya kutoa damu, nami nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mwisho, niwaambie wanafunzi neno moja. Shule iliyo nyuma ya vifua vyenu sasa hivi bado ni kubwa, na inafanya kazi usiku na mchana bila ninyi kujua. Wanaofuzu humo leo ndio watakaowalinda mkiwa wazee, wakati shule yenyewe imekwisha kusinyaa. Nawaomba nanyi mjifunze namna hiyo katika madarasa haya. Na kama yuko mmoja kati yenu atakayeipenda Baiolojia mpaka akawa daktari wa uboho, basi anitafute nikiwa hai. Nitamletea ripoti ya kurasa mbili, na nitamwomba aanze na wa pili.

Mdogo wangu amenituma niwasalimie. Amesema angependa kuja, lakini ana madaftari ya kusahihisha.